Kibanda cha kupulizia rangi: anza na feni, kuta baadaye

Swali: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo ya samani hapa Keko, natengeneza makabati ya jikoni na milango ya MDF (mbao za unga uliogandamizwa). Rangi napulizia kwenye kona moja ya karakana, mita 3 kwa mita 3 na nusu. Kazi ikikauka inakuwa na chembechembe kama mchanga, na tangu mvua zianze laka inageuka nyeupe, kama imemwagiwa maziwa. Mama lishe aliye nyuma ya ukuta naye ameanza kulalamikia harufu. Nataka kuizungushia kona hiyo nailoni nzito, kisha niweke feni mbili za mezani zitoe hewa dirishani. Nitumie nailoni ya unene gani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Unene wa nailoni tuuweke pembeni kwanza. Hicho ulichokichora si kibanda cha rangi, ni mfuko wa kukusanyia mvuke wa thina, na ndani yake umeweka mashine mbili zenye swichi za kutoa cheche. Sikutishi. Tupige hesabu pamoja, maana hesabu hii ndiyo iliyonitoa mimi kwenye mazoea.

Thina nyingi za laka zina kiyeyushi kiitwacho toluini ndani yake. Lita moja ya toluini ikikauka yote inatoa mvuke wa lita kama 235. Mvuke huo ukifika asilimia 1.2 hivi ya hewa, unaweza kulipuka. Maana yake lita moja inatosha kuiharibu hewa ya mita za ujazo karibu 20. Kona yako, tukichukulia dari ya mita 2.4, ina mita za ujazo 25. Sasa jiulize: siku ya kupuliza makabati ya jiko zima unamaliza lita ngapi?

Tena mvuke hausubiri kuenea sawasawa chumba kizima. Ni mzito kuliko hewa mara tatu, unalala sakafuni, unatambaa chini ya mlango na kutafuta moto wenyewe. Toluini huanza kutoa mvuke wa kushika moto kwenye nyuzi joto 4, na Dar hatufiki huko hata usiku wa Julai. Na nyuma ya ukuta wako kuna mama lishe, ambaye bila shaka ana jiko la mkaa.

Karakana niliyojifunzia kazi, kompresa, ile mashine ya kujaza hewa ya bunduki, ilikaa chumba kimoja na sisi. Presha ikishuka, swichi yake inalia "tak" na mota inaanza kuvuma. Jioni moja mvua ilikuwa kubwa, tukafunga milango maji yasiingie, tukaendelea kupuliza viti. Swichi ikalia "tak" kama siku zote. Nilichokiona ni moto wa rangi ya bluu ukikimbia sakafuni, haufiki magotini, unakwenda kama maji yaliyomwagika, moja kwa moja hadi kwenye ndoo ya thina. Tulitoka salama. Mimi niliacha nyusi zangu humo, mwenye karakana akaacha viti vinane. Hakuna aliyekuwa amewasha kiberiti.

Turudi kwenye kazi yako. Umeniletea magonjwa mawili ukidhani ni moja. Chembechembe ni vumbi, na kibanda kizuri kitalipunguza sana. Weupe ni unyevu, na huo kibanda hakitautibu, hata ukikijenga kwa vioo. Thina inapokauka haraka inapoza uso wa ubao, kama spiriti inavyokupoza mkono kabla ya sindano. Hewa ya masika imebeba maji mengi, ikigusa uso uliopoa inaacha umande ndani ya laka mbichi. Huo ndio weupe. Feni ikizidi kupuliza, ndiyo kwanza unaongezeka. Dawa yake ni kupuliza kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, jua linapotoka. Kupiga koti nyembamba. Kumwaga maji ya tangi la kompresa kila asubuhi na kufunga kichungi cha maji kabla ya mpira wa bunduki. Na kuongeza ile thina nzito inayokauka taratibu, wauzaji wanaiita ritada, asilimia 5 hadi 10 ya thina yako. Kazi iliyokwisha kuwa nyeupe usiikwangue kwa hasira. Siku kavu ipulizie ritada nyembamba juu yake, mara nyingi laka inafunguka na maji yanatoka.

Sasa feni, na hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapotupa pesa. Watu hujenga boksi zuri, wakapaka nyeupe, wakaweka taa, halafu mwisho wakaenda Kariakoo kununua feni inayoingia kwenye tundu lililobaki. Kibanda cha rangi ni upepo. Kuta kazi yake ni kuuongoza tu upepo huo. Kwa hiyo unaanza na upepo, unanunua feni yake, ndipo unajenga boksi linaloitosha.

Upepo unaotakiwa ni nusu mita kwa sekunde, kwenye uso wote wa kibanda. Ni mwendo mdogo, kwenye shavu hausikiki vizuri, lakini unatosha kubeba ukungu wa rangi mbali na pua yako na usiuache urudi kukaa juu ya kazi. Zidisha mwendo huo kwa ukubwa wa mdomo wa kibanda. Ukiifunga kona yako yote, mdomo wa mita 3 kwa 2.4 ni mita za mraba 7.2, na feni yake lazima ivute mita za ujazo 3.6 kila sekunde. Hiyo ni mashine ya kiwandani. Kwa hiyo tunapunguza mdomo, hatupunguzi upepo. Fanya upana mita 2 na kimo mita 1.8, uso wa mita za mraba 3.6. Hapo unahitaji mita za ujazo 1.8 kwa sekunde, yaani karibu 6,500 kwa saa. Mlango wa mita 2.1 utauliza unaingiaje. Kibanda kiko wazi mbele, kwa hiyo mlango unausimamisha kwa ubavu au unaulaza juu ya vigoda ukiuingiza kwa urefu, kina kinatosha.

Feni za mezani hazifai hapo hata ukizipanga nne, kwa sababu zimetengenezwa kusukuma hewa iliyo wazi. Mbele yake ukiweka kichungi, panga zinazunguka na hewa haitoki. Unachotafuta ni feni ya bomba yenye kipenyo cha inchi 24, inayoendeshwa kwa mkanda na mota ya nguvu farasi 1. Ukimuuliza muuzaji usimtajie inchi peke yake. Mwambie mita za ujazo 6,500 kwa saa kwenye mgandamizo wa paskali 150, na muombe karatasi ya mashine. Akikwambia "hii inavuta sana bosi", shukuru na uende duka la pili.

Kwa nini mkanda? Kwa sababu mota haitakiwi kukaa kwenye njia ya mvuke. Mota maalumu za kuzuia mlipuko zipo, bei yake ni habari nyingine. Njia ya mafundi wa siku nyingi ni mota kukaa nje ya bomba, kwenye hewa safi, na puli na mkanda ndivyo vinavyozungusha panga. Panga ziwe za aluminiamu, zikigusa bomba la chuma zisitoe cheche, na bomba lisiachwe lishike kutu, maana aluminiamu ikisugua kutu inatoa cheche. Mkanda nao una ganda lake la bati, lakini uukague kila mwezi, maana mkanda uliolegea unazungusha feni kivivu na wewe hutajua. Kisha fremu, bomba na vichungi vyote viunganishwe kwa waya wa ethi hadi ardhini. Rangi ikipita kwenye bunduki inazalisha umeme tuli, na umeme huo unatosha kabisa kuwasha mvuke.

Boksi lenyewe ni rahisi, fundi wa kuchomelea Gerezani atalimaliza kwa siku mbili. Fremu ya skwea paipu, kuta na dari za bati laini. Nailoni hapana, plaiwudi hapana, na turubai ndiyo hapana kabisa: vyote vinashika moto na nailoni inakusanya umeme tuli. Kina cha kufanyia kazi mita 2. Ukuta wa nyuma wote uwe fremu ya vichungi, na nyuma ya vichungi acha chumba tupu cha nusu mita, feni ikivuta kutoka hapo. Usiibandike feni moja kwa moja nyuma ya vichungi. Ukifanya hivyo kichungi cha katikati kinakula rangi yote na cha pembeni kinabaki kipya, maana upepo unapita njia moja tu. Ile nusu mita ndiyo inayougawa upepo sawa.

Jumla una mita 2 na nusu za urefu, kwenye kona ya mita 3 na nusu. Inabaki mita moja mbele ya kusimama, nayo ni haba, lakini ukihamisha rafu utapata nafasi. Msimamo wako ni mmoja: wewe mdomoni, kazi mbele yako, vichungi nyuma ya kazi. Usiingie ukasimama kati ya kazi na vichungi, hata kwa kona ndogo iliyokuponyoka, kwa sababu hapo ukungu wote unapita usoni mwako. Badala ya wewe kuzunguka, zungusha kazi. Tafuta habu ya gurudumu la gari kuukuu, ichomelee mguu chini na ubao juu, utapata meza inayozunguka kwa kidole na itadumu kuliko wewe.

Taa zikae nje ya boksi, nyuma ya kioo, na kioo ukibane kwa mpira wa madirisha. Silikoni iepuke humo ndani. Tone lake likigusa kazi, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki, na utalaumu rangi mwezi mzima. Swichi, soketi na chaja ya simu, vyote nje. Kompresa nje pia, ipitishie mpira wake ukutani.

Chembechembe sasa. Feni ya ukubwa huu inamaliza hewa ya karakana ya mita 6 kwa 10 yenye dari ya mita 3 kwa sekunde 100. Hewa hiyo lazima itoke mahali, na isipoonyeshwa njia itapita popote, ikiwemo juu ya msumeno wako wenye vumbi la MDF la wiki nzima. Chagua dirisha moja kubwa upande usio na barabara, lisiwe dogo kuliko mdomo wa kibanda, hewa iingie hapo. Weka fremu yenye pamba ya polyesta, hii wanayotumia watu wa masofa, iliyoshonwa kati ya neti mbili. Pamba inakamata vumbi na neti inakamata wadudu. Kama hujawahi kupuliza klia, laka isiyo na rangi, jioni ya mvua za vuli na kuletewa kumbikumbi mia juu ya meza ya chakula ya mteja, utaniona nazidisha. Halafu panga siku: kukata na kupiga msasa asubuhi, kufagia, kumwagia sakafu maji kidogo, kusubiri nusu saa, ndipo bunduki. Karakana yenye msumeno unaonguruma haipulizi laka, hata iwe na kibanda cha aina gani.

Ukimaliza kujenga, pima kabla thina haijaingia ndani. Simama mdomoni na poda ya mtoto kiganjani, rusha kidogo, angalia wingu lake. Likitembea mita moja kwa sekunde mbili, uko sawa. Jaribu kona nne na katikati. Likizunguka na kurudi kwako, kuna mahali upepo umezibwa. Kifaa cha kupimia upepo kipo na si ghali, ila poda inakuonyesha pia mahali hewa inapojikunja, jambo ambalo namba haisemi.

Kujua kama vichungi vimeziba kuna njia ya mpira mwembamba unaoona ndani, ule wa fundi ujenzi wa kupimia usawa. Ukunje kama herufi U ukutani, tia maji yenye rangi, ncha moja iingie kwenye kile chumba cha nyuma ya vichungi, nyingine ibaki nje. Feni ikiwaka, maji yatapanda upande mmoja. Weka alama siku vichungi vikiwa vipya. Tofauti ikifika milimita 12, badilisha. Usingoje uone rangi ikitoka nje kwa jirani.

Na hivyo vichungi vilivyojaa ni hatari kuliko kopo la thina. Unga mkavu wa laka ya nitro unawaka kwa kasi ya ajabu, na ukichanganyika na mabaki ya rangi za mafuta unaweza kupata joto wenyewe hadi kuwaka usiku umelala. Kwa hiyo laka na rangi za mafuta zisitumie vichungi vilevile. Vikitolewa viingie kwenye pipa la maji, nje, siku hiyohiyo. Kwangua kuta kwa bamba la shaba au la plastiki ngumu, si kwa chuma. Mtungi wa kuzimia moto, wa poda, kilo 6 au zaidi, utundike karibu na mlango wa kutokea. Mafundi wengi wanauweka ndani kabisa karibu na kibanda, na moto ukitokea, mtungi unabaki upande wa pili wa moto. Namba ya Zimamoto ni 114. Na kama umeajiri vijana, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inakutaka uisajili karakana OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Nenda mwenyewe kabla hawajaja.

Kuna kosa moja ambalo vitabu vya Ulaya hawaliwazii sana, sisi linatuhusu kila wiki. Umeme ukikatika, feni inasimama. Bunduki haisimami, kwa sababu tangi la kompresa bado lina hewa. Kijana anapuliza dakika tano nzima kwenye hewa iliyosimama, akiona kazi inakwenda vizuri. Dawa ni vali ya umeme kwenye bomba la hewa, ile inayojifunga ikikosa umeme, iunganishwe kwenye kontakta (swichi ya sumaku) ileile ya feni, na ikae nje ya kibanda. Feni ikikosa umeme, bunduki inakosa pumzi. Ni kifaa kidogo, na ningekosa pesa ningepunguza taa kabla ya kukiacha.

Feni iwashwe dakika tano kabla ya kupuliza na iendelee nusu saa baada yake. Thina nyingi haitoki bunduki ikiwa mkononi, inatoka kwenye kazi wakati inakauka. Kwa hiyo rafu ya kukaushia isiwe stoo iliyofungwa, na kijana anayelinda karakana asilale humo.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo. Nunua ile ya mpira ya nusu uso yenye vichungi vya mkaa, mstari wa kahawia kwa mvuke na mweupe kwa chembe. Ukiacha kazi itie kwenye mfuko uliofungwa, la sivyo mkaa unaendelea kunyonya usiku kucha na asubuhi umekwisha. Ndevu haziendani nayo. Ukianza kutumia rangi za kuchanganya na hadina, ile dawa ya kukazia rangi, hiyo ni habari nyingine kabisa: hadina nyingi zina isosayaneti, kemikali inayoleta pumu, harufu yake haikuonyi, na pumu yake ikikushika inabaki nawe. Kwa rangi hizo unatakiwa uvute hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje. Kama huna, usizichukue hizo kazi kwa sasa.

Mwisho bomba la kutolea. Usilitoe dirishani kama ulivyopanga. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi tuna kusi, kuanzia Desemba hadi Machi tuna kaskazi, na bomba la ukutani litakuwa linapigwa na upepo wa mbele nusu ya mwaka. Lipandishe wima, lipite paa kwa mita 2 angalau, kipenyo kisipungue cha feni. Usilivishe kofia ya mvua, kofia inaurudisha mvuke chini kwa jirani. Vika ncha yake bomba jingine fupi, kubwa kidogo kwa upana: mvua inayoteremka kwenye kuta inatokea kwenye ule mwanya, na mvuke unapanda. Siku za mvua kubwa feni ikiwa imezimwa, ufunike kwa bati.

Kabla fundi wa kuchomelea hajafika, zunguka nyuma ya ukuta ukazungumze na huyo mama. Angalia jiko lake liko hatua ngapi kutoka kwenye ukuta wako, na kama kuna tundu chini ya matofali. Zibeni tundu hilo kwa saruji, na umuombe asogeze jiko upande wa mbali. Kama hawezi kusogea, basi bomba lako lipande upande wa pili wa karakana, na mota unayonunua iwe na nguvu ya kulipa zile mita za ziada.